Msimbo ni mali ya nani? Haki za ubunifu pale utafiti wa vyuo unapoingia katika programu huria

KILOMITA chache kutoka mjini Machakos, kando ya barabara iendayo Wote, kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani. Wakulima wa Ukambani wamelijua jina hilo kwa miaka mingi kutokana na mahindi. Mbegu ya Katumani, ambayo ilitolewa kituoni humo katika miaka ya 1960, hukomaa upesi na hivyo kuwafaa watu wa maeneo ambako mvua huchelewa kunyesha na huwahi kukatika.

Ni wachache wanaofahamu kwamba kituo hicho kina zao jingine ambalo halijapata kupandwa ardhini. Zao hilo ni programu ya tarakilishi. Historia yake ni mfano mwema kwa mhadhiri, mwanafunzi au mtafiti yeyote anayetaka kuuweka utafiti wake katika programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake asilia uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuusambaza.

Mnamo miaka ya 1980, wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo nchini Kenya (KARI) walishirikiana na wenzao kutoka Australia katika mradi wa kuboresha kilimo cha maeneo kame ya mashariki mwa Kenya. Fedha zilitoka kwa ACIAR, shirika la serikali ya Australia linalofadhili utafiti wa kilimo katika nchi nyingine. Wataalamu hao waliichukua programu iitwayo CERES-Maize, iliyotungwa Marekani na kuelezwa katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1986 na Chuo Kikuu cha Texas A&M. Programu hiyo hupewa takwimu za mvua, joto, mwangaza wa jua na rutuba ya udongo, kisha hukadiria siku baada ya siku jinsi mahindi yatakavyokua na mavuno yatakayopatikana.

Hata hivyo, CERES-Maize haikuwa imetungwa kwa kuzingatia shamba la Machakos, ambako mbolea ni haba, mimea hupandwa kwa nafasi kubwa na ukame unaweza kuyakausha mahindi kabla hayajatoa maua. Kwa kutumia majaribio yaliyofanywa Katumani na mashamba ya jirani, watafiti waliirekebisha programu hiyo, na toleo lililopatikana likaitwa CM-KEN. Taarifa ya kazi hiyo, iliyoandikwa na B. A. Keating wa Australia pamoja na Wakenya B. M. Wafula na J. M. Watiki, ilitolewa katika kongamano la Nairobi mwezi Desemba 1990 na kuchapishwa mwaka 1992.

Ujuzi huo haukubaki Katumani. Ulichangia kujengwa kwa APSIM, mfumo mkubwa wa kuiga mwenendo wa mashamba kwa tarakilishi, ambao shirika la utafiti la CSIRO na serikali ya jimbo la Queensland walianza kuutengeneza mjini Toowoomba, Australia, mapema katika miaka ya 1990. Sehemu ya mahindi katika mfumo huo ina asili yake, kwa kiasi fulani, katika marekebisho yaliyofanyiwa CERES-Maize huku Machakos.

Uzao mmoja, leseni mbili

Jambo la kuzingatia ni yaliyofuata baadaye. APSIM husimamiwa na muungano wa taasisi ulioundwa mwaka 2007. Msimbo wake unaonekana katika intaneti, na watafiti na walimu huutumia bila malipo, lakini anayetaka kuutumia kibiashara hupaswa kupata leseni ya aina nyingine. Kwa upande mwingine, CERES-Maize yenyewe iliendelezwa ndani ya mfumo wa Kimarekani uitwao DSSAT, ambao msimbo wake leo uko wazi chini ya leseni ya BSD. Leseni hiyo humruhusu mtu yeyote, pamoja na mfanyabiashara, kuutumia msimbo kwa jambo lolote, mradi tu asifute majina ya wenye hakimiliki na tangazo la kukana dhamana.

Hivyo basi, programu mbili zenye babu mmoja zimefuata njia mbili. Kijana wa Machakos akitaka kuanzisha kampuni ya kuwashauri wakulima juu ya siku ya kupanda katika msimu wa vuli, ya DSSAT anaweza kuyafanyia biashara bila kuomba ruhusa, ilhali ya APSIM atahitaji kwanza kuzungumza na wamiliki. Tofauti hiyo haikutokana na sayansi wala na ubora wa mahindi. Ilitokana na uamuzi wa wale walioshika haki za msimbo wakati masharti yalipokuwa yakiandikwa.

Watafiti wa Katumani hawakuwa na sababu ya kuliwaza jambo hilo katika miaka ya 1980. Hata neno la Kiingereza linalotumiwa leo kuziita programu hizo lilibuniwa mwaka 1998. Watafiti wa leo hawana udhuru kama huo. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichokuwa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Kenyatta tangu mwaka 2011, kilipata hati yake ya kujitegemea mwaka 2016. Huko Konza, katika jiji la teknolojia linaloendelea kujengwa, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati mwaka 2023. Taasisi za namna hii zina wahadhiri na wanafunzi wanaoandika msimbo, na msimbo huo unaweza kufika pembe yoyote ya dunia kwa muda wa dakika moja.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya, programu ya tarakilishi hulindwa kwanza kabisa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Sheria hiyo huihesabu programu kuwa kazi ya maandishi, sawa na riwaya au kitabu cha historia. Msimamo huo unaafikiana na mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, ambao huzitaka nchi wanachama kuzilinda programu kama kazi za maandishi.

Hakimiliki huzaliwa yenyewe mara tu kazi inapoandikwa na kuhifadhiwa. Hakuna haja ya kulipa ada wala kujaza fomu. Halmashauri ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) husajili kazi kwa hiari ya mwenyewe, na cheti chake husaidia kama ushahidi pale mgogoro unapozuka, lakini kukosa cheti hakumnyimi mtunzi haki yake. Kwa kazi za maandishi, ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake.

Kutokana na kanuni hiyo huja jambo ambalo wengi hulikosea. Msimbo uliowekwa hadharani bila leseni yoyote si programu huria. Yeyote anaweza kuusoma, lakini hana ruhusa ya kuunakili, kuubadilisha au kuusambaza, kwa kuwa haki hizo zimebaki kwa mwenyewe. Mtafiti anayeweka kazi yake katika ghala la intaneti akidhani ameitoa sadaka, na asiambatanishe leseni, amefungua dirisha na kuuacha mlango umefungwa.

Ni nani basi mwenye kazi? Sheria ya Kenya ina jibu la kipekee kuhusu programu. Mtunzi wa programu ni mtu aliyekuwa na udhibiti wa kutengenezwa kwake. Maneno hayo ni mafupi, lakini yanaweza kuleta mabishano makubwa chuoni. Ikiwa profesa ndiye aliyetoa wazo, akaelekeza kila hatua na kukagua kila sehemu, huku mwanafunzi akiandika tu alivyoambiwa, profesa anaweza kudai kwamba udhibiti ulikuwa wake. Ikiwa profesa alitia tu sahihi kwenye ukurasa wa tasnifu, dai hilo litakuwa jepesi kama unyoya.

Mwajiriwa na mwanafunzi

Sheria hiyo husema pia kwamba kazi inayofanywa na mwajiriwa katika utekelezaji wa ajira yake huchukuliwa kuwa imehamishiwa kwa mwajiri, isipokuwa pande hizo mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Mtafiti wa shirika la KALRO, lililorithi kazi za KARI kufuatia sheria ya mwaka 2013, anayelipwa mshahara ili kutunga programu za kilimo, hana uwezo wa kuitoa programu hiyo kwa ulimwengu kwa uamuzi wake peke yake. Mwenye kuitoa ni mwajiri.

Kwa mhadhiri, mambo huwa na ukungu zaidi. Mkataba wake humtaka afundishe na kufanya utafiti, lakini si kawaida kutaja uandishi wa programu. Je, programu aliyoiandika usiku nyumbani, kwa tarakilishi yake, juu ya somo lile lile analolifundisha mchana, imo katika ajira yake? Hapo ndipo sera ya chuo kuhusu haki za ubunifu inapohitajika. Sera nzuri hutaja kinagaubaga ni kazi zipi za chuo, zipi za mhadhiri, na namna mapato yatakavyogawanywa. Pia hutaja jambo ambalo sera nyingi hulisahau, yaani ni nani mwenye mamlaka ya kuruhusu kazi itolewe chini ya leseni huria na kwa utaratibu gani.

Mwanafunzi yuko katika hali tofauti. Yeye si mwajiriwa. Kinyume chake, yeye ndiye anayelipa karo. Kwa hiyo kanuni ya mwajiri haimgusi, na programu anayoiandika kwa ajili ya mradi wake wa mwisho kwa kawaida huwa yake, ila kama amekubali vinginevyo. Lakini makubaliano hayo huweza kuwa yamefichika katika fomu ya kujiunga na chuo, katika kanuni za tasnifu au katika mkataba wa ufadhili wa masomo. Mwanafunzi ambaye pia ameajiriwa kama msaidizi wa utafiti huvaa kofia mbili, na huenda nusu ya msimbo wake ikawa ya chuo na nusu yake mwenyewe.

Ikumbukwe kwamba uhamishaji wa hakimiliki kwa mapatano, pamoja na leseni ya kumpa mtu mmoja peke yake haki ya kutumia kazi, haufai kitu mbele ya sheria bila maandishi yaliyotiwa sahihi. Ahadi ya mdomo kwenye korido haitoshi. Tena, hata pale haki za kiuchumi zinapohamishwa, sheria humwachia mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi na ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima.

Upande wa tatu ni mfadhili. Utafiti mwingi wa vyuo vya Afrika Mashariki huendeshwa kwa fedha za mashirika ya nje au kwa ushirikiano na vyuo vya ng'ambo. Mkataba wa ufadhili waweza kuagiza kwamba kila msimbo utolewe hadharani. Waweza pia kuagiza kinyume chake, au kumpa mfadhili umiliki. Anayetia sahihi mkataba huo kwa kawaida ni mkuu wa chuo au idara ya utafiti, na si yule mtafiti kijana anayeandika msimbo. Matokeo yake ni kwamba kijana huyo anaweza kuvunja mkataba ambao hajapata kuuona.

Yaliyowapata wengine

Vyuo vikubwa duniani vimeyapitia hayo yote. Mwezi Januari 1984, Richard Stallman aliacha kazi yake katika chuo cha MIT nchini Marekani kabla ya kuanza kuandika mfumo wa GNU. Sababu yake ilikuwa ya kisheria: alihofia kwamba, angebaki kuwa mwajiriwa, chuo kingeweza kudai umiliki wa kazi hiyo na kuizuia isiwe huru. Miaka saba baadaye, mwaka 1991, Linus Torvalds alianza kuandika Linux akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni ileile ya GNU.

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndicho kilichoipa dunia leseni ya BSD. Lakini mwaka 1992 kampuni iliyomiliki mfumo wa Unix ilifungua kesi ikidai kwamba programu za Berkeley zilikuwa na msimbo wake ndani. Shauri hilo lilimalizwa kwa maafikiano mwaka 1994. Kati ya mafaili takriban 18,000, ni matatu tu yaliyoamriwa kuondolewa. Hata hivyo, kwa karibu miaka miwili watumiaji walikuwa na wasiwasi, kwa sababu ya kutojulikana kwa uhakika ni nani aliyeandika nini.

Kesi nyingine ilimhusu Robert Jacobsen, profesa wa fizikia wa chuo hicho hicho, aliyeandika na wenzake programu huria ya kuendesha garimoshi za kuchezea. Mfanyabiashara mmoja aliutwaa msimbo huo bila kufuata masharti ya kutaja majina ya watunzi. Tarehe 13 Agosti 2008, mahakama ya rufani ya shirikisho nchini Marekani iliamua kwamba masharti ya leseni huria yana nguvu ya hakimiliki, na kwamba kutolewa bure kwa programu hakuyageuzi masharti hayo kuwa maombi tu.

Afrika Mashariki nayo ina mifano ya kujivunia. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo wa rekodi za wagonjwa mwaka 2001. Ujuzi huo ulizaa OpenMRS, mradi ulioanza mwaka 2004 na kutumika Eldoret tangu mwaka 2006. Leo mfumo wa KenyaEMR, unaotumiwa na vituo vingi vya afya vya umma nchini, umejengwa juu ya OpenMRS. Leseni yake ni ile ya Mozilla, pamoja na nyongeza inayokumbusha kwamba programu haiwezi kuchukua nafasi ya uamuzi wa daktari. Nayo DHIS2, ambayo Kenya iliieneza nchini kote mwaka 2011 kwa ajili ya takwimu za afya, ni kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na imetolewa chini ya leseni ya BSD. Takwimu za zahanati za Machakos hupitia humo.

Kuchagua leseni

Mifano hiyo inadhihirisha kwamba leseni huria si kitu kimoja. Zipo familia tatu kuu. Ya kwanza ni ya masharti machache, kama vile BSD, MIT na Apache. Mtu anaweza kuchukua msimbo, akauchanganya na wake, akauza matokeo na kuficha marekebisho yake.

Familia ya pili ni ya GPL, ambayo huweka sharti la urithi. Anayesambaza programu iliyojengwa juu ya msimbo wa GPL hana budi kuitoa nayo chini ya leseni hiyo hiyo, pamoja na msimbo wake asilia. Familia ya tatu husimama katikati. Leseni ya Mozilla, kwa mfano, hudai urithi kwa mafaili yaliyobadilishwa tu, na kumwachia mtu uhuru juu ya mafaili mapya aliyoyaandika mwenyewe.

Chuo kinachotaka kazi yake ienee haraka, hata ndani ya bidhaa za makampuni, huelekea familia ya kwanza. Kile kinachohofia kwamba kampuni itachukua matunda ya utafiti wa umma na kuyafungia huelekea ya pili. Hakuna jibu moja, ila lipo kosa moja la kawaida: kuchagua leseni kabla ya kuchunguza msimbo wa watu wengine uliokwisha kuingizwa ndani. Mtafiti aliyetumia kipande cha GPL hawezi kuisambaza programu yake nzima chini ya masharti ya BSD peke yake. Na msimbo ulionakiliwa kutoka kwa mtu asiyejulikana hauna leseni ya kuchagua kabisa.

Miradi mikubwa huwa na utaratibu wake wa kupokea michango. Mingine humtaka mchangiaji athibitishe, kwa kila mchango, kwamba ana haki ya kuutoa. Mingine humtaka atie sahihi mkataba, na wakati mwingine pia mwajiri wake. Mhadhiri anayebofya kitufe cha kukubali mkataba huo bila idhini ya chuo huenda anatoa kiapo asichoweza kukitimiza. Madhara yake huwaangukia wengi, kwani mradi ukigundua dosari hulazimika kuung'oa msimbo huo, pamoja na kila kilichojengwa juu yake.

Hataza na hatari ya kutangaza mapema

Hakimiliki hulinda maandishi ya msimbo, na si wazo lililomo. Wazo la uvumbuzi hulindwa kwa hataza, ambayo nchini Kenya hutolewa na Taasisi ya Mali ya Viwandani (KIPI) chini ya sheria ya mwaka 2001, kwa muda wa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Nadharia za kisayansi, mbinu za hisabati na mipango ya kuendesha biashara si uvumbuzi kwa mujibu wa sheria hiyo. Kanuni ya hesabu ya kukadiria mavuno, ikisimama peke yake, haina njia. Lakini kifaa cha kupima unyevu wa udongo kinachoendeshwa na kanuni hiyo huweza kuwa na hoja.

Hapo ndipo penye mtego. Uvumbuzi lazima uwe mpya, na kuweka msimbo hadharani ni kuutangaza. Sheria ya Kenya humpa mvumbuzi nafasi ya miezi 12 tangu alipoutangaza mwenyewe hadi kuwasilisha ombi. Sheria ya hataza ya Ulaya, kwa jumla, haina msamaha wa namna hiyo; siku moja ya kutangaza huweza kuiua hataza kabisa. Kwa sababu hiyo, chuo huhitaji kuamua kabla ya kutoa msimbo, na si baada yake.

Kuna chuo kinachoweza kuona faida katika kutangaza kwa makusudi. Jambo lililokwisha kutangazwa haliwezi tena kupewa hataza na mtu mwingine, na hivyo kutangaza huwa ngao ya umma. Aidha, leseni kama Apache ya mwaka 2004 na GPL ya mwaka 2007 humfunga mchangiaji asije baadaye kuwadai watumiaji kwa hataza zake juu ya mchango alioutoa. Chuo kinachotaka kuuza hataza hiyo kwa kampuni hakina budi kulijua hilo mapema.

Takwimu za wakulima

Programu ya kilimo haifai kitu bila takwimu, na takwimu zina sheria zake. Kiasi cha mvua iliyonyesha Katumani ni ukweli usiomilikiwa na mtu, lakini jedwali lililokusanywa na kupangwa kwa jitihada huweza kuwa na hakimiliki nchini Kenya, hata likiwa ndani ya tarakilishi. Kupewa takwimu na idara ya serikali kwa ajili ya tasnifu si ruhusa ya kuzisambaza pamoja na msimbo.

Jambo zito zaidi ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzilinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu. Jina la mkulima, nambari yake ya simu na mahali shamba lake lilipo ni miongoni mwazo. Mtafiti anayetoa msimbo pamoja na faili la mfano lenye majina ya wakulima wa Mwala au Yatta amevunja amana, na leseni huria haimkingi. Zaidi ya hayo, kilichotolewa katika intaneti hakirudi.

Hatua za kufuata

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inafaa kubandikwa kwenye kila maabara ya tarakilishi. Kwanza, mradi unapoanza, na kabla mstari wa kwanza wa msimbo haujaandikwa, wahusika wote waandikiane ni nani atakayemiliki nini. Mwanafunzi aonyeshwe maandishi hayo na apewe muda wa kuyasoma.

Pili, daftari la michango liwekwe: nani aliandika sehemu gani, lini, na kwa fedha za nani. Programu za kuhifadhi matoleo ya msimbo hufanya kazi hiyo zenyewe, mradi kila mtu atumie jina lake. Tatu, kila kipande kilichotoka nje kiorodheshwe pamoja na leseni yake. Nne, sera ya chuo na mkataba wa mfadhili visomwe, kisha idhini ya kutoa msimbo iombwe kwa maandishi. Chuo nacho hakina budi kujibu kwa haraka, kwa kuwa idhini inayochukua mwaka mzima humfundisha mtafiti kutoiomba.

Tano, suala la hataza liamuliwe kabla ya siku ya kutangaza. Sita, leseni iliyochaguliwa iandikwe katika faili lake, pamoja na jina la mwenye hakimiliki na mwaka. Saba, jina la mradi lifikiriwe, kwa sababu leseni ya msimbo haitoi ruhusa ya kutumia nembo ya biashara. Nane, takwimu za watu ziondolewe au zifichwe vitambulisho vyake.

Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali kuziunga mkono, kuziendeleza na kuzilinda haki za ubunifu za watu wa Kenya. Kulinda si lazima kuwe kufungia. Mbegu ya Katumani ilipata sifa kwa kuwa iliwafikia wakulima, wakaipanda na kuhifadhi nyingine kwa msimu uliofuata. Msimbo huria waweza kufanya vivyo hivyo. Lakini anayegawa mbegu hana budi kuwa na hakika kwamba ghala ni lake, na anayepokea ana haki ya kujua kama ameruhusiwa kupanda tena.